Kuandaa Chumba cha Mgonjwa Nyumbani Dar es Salaam: Mwongozo Kamili kwa Anayeuguza

Taarifa kwamba mgonjwa ataruhusiwa kesho huzua pilikapilika za aina moja karibu katika kila familia ya Dar es Salaam: gari litatoka kwa nani, bili imebaki kiasi gani, dawa za kwenda nazo nyumbani zimeshaandikwa au bado. Chumba atakachofikia hukumbukwa mwishoni, mara nyingi gari likiwa limeshafika Kigogo, ndipo mtu aliyebaki nyumbani anapigiwa simu afagie na kutandika shuka safi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo anayepigiwa simu, lakini unamwomba aanze kazi siku mbili kabla, kwa sababu hewa, joto, moshi, kelele, kitanda na njia ya kwenda chooni vitamsaidia au kumrudisha nyuma mgonjwa kila saa, wakati dawa huzimeza mara mbili au tatu tu kwa siku.

Uuguzi umelijua jambo hili kwa muda mrefu. Florence Nightingale alipofika katika hospitali ya kijeshi ya Scutari, nchini Uturuki, mwezi Novemba 1854, alikuta askari wanakufa kwa magonjwa ya kuhara na homa kuliko kwa majeraha ya vita. Vifo vilishuka kwa kasi baada ya tume ya usafi iliyotumwa kutoka Uingereza mwaka 1855 kusafisha mitaro ya maji machafu na kufungua njia za hewa, na tangu hapo Nightingale alisisitiza kwamba hewa safi, maji safi, mwanga, usafi na utulivu ni kazi ya muuguzi sawa na kufunga kidonda. Hapa kwetu, jengo la zamani la hospitali ya Ocean Road, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1897, lilielekezwa baharini na kupewa veranda pana ili upepo upite. Upepo huo ulikusudiwa wagonjwa wa Kizungu peke yao, lakini haja ya upepo haibagui.

Hatua ya kwanza: lala wewe kwanza

Kabla ya kununua chochote, nenda ukalale kwenye kitanda ambacho mgonjwa atalalia, kichwa chako kikiwa pale kitakapokuwa kichwa chake. Fanya hivyo mara tatu: saa 8 mchana jua likiwa kali, saa 1 jioni majiko yakiwashwa, na saa 6 usiku. Kaa walau robo saa kila mara, bila simu. Angalia unachokiona bila kuinua shingo, unachokisikia, unachokinusa, na kama kuna upepo wowote unaokugusa usoni. Kisha jaribu kufikia kikombe, taa na mlango kwa mkono mmoja tu, kama mtu aliyepata kiharusi au aliyefungwa plasta.

Sijaona zoezi lenye faida kubwa kuliko hili, na halina gharama. Nilimhudumia mzee mmoja wa Magomeni ambaye familia yake iliamini amekata tamaa, kwa kuwa alikuwa akikataa uji kila asubuhi. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha lake likitazama uwani, ambako wapangaji watatu waliwasha majiko ya mkaa tangu alfajiri. Nilipomwamkia na kumuuliza kwa nini hali, alinijibu, "Mwanangu, hapa nalishwa moshi tangu adhana ya asubuhi, huo uji uingie wapi?" Alihamishiwa chumba cha mbele siku ileile, na siku ya tatu alikuwa anakula. Hakuna dawa iliyobadilishwa.

Wazee husema mgonjwa haulizwi uji, na maana yake ni njema: mpe, usimsumbue kwa maswali. Katika suala la chumba, hata hivyo, naomba methali hiyo iwekwe kando. Mgonjwa aulizwe.

Hatua ya pili: chagua chumba

Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ni zile za Kiswahili, zenye korido katikati, vyumba kila upande na uwa nyuma. Katika nyumba ya namna hiyo kila chumba kina kasoro yake. Chumba cha mbele kina mwanga na upepo, lakini hupokea vumbi na kelele za bodaboda. Cha katikati kina utulivu zaidi lakini mara nyingi dirisha ni moja tu, hivyo hewa inayoingia haina pa kutokea. Cha nyuma kiko karibu na choo na maji, ila ndicho kinachopokea moshi. Kwa mgonjwa wa kifua au pumu, hewa ndiyo iamue. Kwa aliyevunjika mguu au mwenye kuhara, ukaribu wa choo ndio uamue. Kwa mzee aliyechoka baada ya upasuaji, tafuta utulivu wa usiku.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau, nalo ni upande wa jua na upepo. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki takribani Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kutoka kusini mashariki katika miezi ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo dirisha linalotazama mashariki, upande wa bahari, lina nafasi nzuri ya kupata upepo karibu mwaka mzima. Chumba cha magharibi hupigwa na jua la alasiri, na ukuta wa tofali za saruji huendelea kutoa joto hadi usiku. Chumba chenye bati lisilo na dari kikwepwe kabisa ikiwezekana, kwani mchana ni tanuri na wakati wa masika mvua ikinyesha hakuna anayesikia mgonjwa akiita. Kama nyumba iko bondeni, karibu na Mto Msimbazi au mtaro unaofurika, fikiria kama mgonjwa asiyeweza kutembea anaweza kutolewa haraka usiku. Kama jibu ni hapana, wiki za mvua kubwa ahamie kwa ndugu.

Hatua ya tatu: hewa, joto na moshi

Hewa huhitaji mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Fungua dirisha na mlango, au madirisha mawili yanayokabiliana, kisha ning'iniza uzi mwepesi au kipande cha karatasi katikati ya chumba. Kama hakichezi, hewa imesimama. Mara nyingi kinachozuia upepo si dirisha lenyewe bali wavu wa mbu ambao haujaoshwa tangu uwekwe, kabati lililoegeshwa mbele ya dirisha, au pazia zito ambalo kazi yake ilikuwa ni kupendezesha sebule. Osha wavu, hamisha kabati, na weka pazia jepesi, au khanga, ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuisogeza. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, madirisha yabaki wazi muda mwingi kadiri inavyowezekana, naye alale chumba chake peke yake mpaka kliniki iseme vinginevyo.

Feni ielekezwe ukutani au miguuni, isimpige usoni usiku kucha, kwa sababu hukausha macho na midomo ya mtu asiyeweza kujigeuza. Izimwe kila kidonda kinapofunguliwa, na ibaki imezimwa mpaka bandeji mpya ifungwe, kwani huinua vumbi la sakafuni na kulimwaga juu ya kidonda. Futa mapanga yake kila wiki kwa kitambaa chenye maji. Umeme ukikatika, mfute mgonjwa uso, shingo na kwapa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kawaida, kisha mpepee kwa kipepeo. Miezi ya Januari na Februari mgonjwa hupoteza maji mengi kwa jasho bila mtu kutambua, hivyo weka chupa yenye alama na uhesabu anachokunywa, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi ni dalili ya kushughulikiwa siku hiyohiyo.

Kuhusu moshi sina lugha ya upole. Jiko la mkaa halipaswi kuingia katika chumba cha mgonjwa wala koridoni, hata kama mvua inanyesha uwani, na jenereta isiwashwe chini ya dirisha lake. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Udi na ubani, ambavyo katika nyumba nyingi za pwani ni heshima kwa mgeni na kwa mgonjwa, huwasha kifua chenye pumu na huwachefua wanaotumia dawa za saratani. Vifukizwe sebuleni kabla hajafika. Mgonjwa anayetumia dawa za saratani anaweza pia kutapika kwa harufu ya dagaa wanaokaangwa, basi chakula chake kipelekwe kikiwa kimepoa kidogo, maana chakula cha moto hutoa harufu kali zaidi. Kama amepewa mashine ya oksijeni, pasiwe na kiberiti, mshumaa, sigara wala chetezo chumbani humo.

Hatua ya nne: kitanda

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko pengine pote, na ndipo familia hutumia fedha vibaya. Huna haja ya kitanda cha hospitali kwa kila mgonjwa. Unahitaji kitanda ambacho akiketi ukingoni nyayo zake zinakanyaga sakafu na magoti yake yamekunjwa takribani pembe mraba, chenye chaga zisizobonyea, na godoro ambalo ukilikandamiza kwa ngumi katikati hutahisi mbao chini yake. Kitanda kikiwa kifupi mno, fundi seremala anaweza kuongeza miguu kwa saa moja. Kiweke ukutani kwa upande wa kichwa tu, ili muuguzaji apite pande zote mbili. Kitanda kilichobanwa kwenye kona humlazimu mtu amburute mgonjwa, na ngozi inayoburutwa kwenye shuka huchubuka.

Mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe hupata vidonda vya mgandamizo juu ya nyonga, kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, visigino na hata masikio. Ageuzwe walau kila baada ya saa mbili, na ratiba ibandikwe ukutani kwa maandishi makubwa: saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 chali, saa 4 ubavu wa kushoto, na kuendelea, kila anayegeuza akitia alama yake. Bila karatasi hiyo, kila mtu ndani ya nyumba huamini mwenzake ameshamgeuza. Anapolala ubavu asisimame wima kama ubao. Aegemee nyuma kidogo juu ya mto, mto mwingine ukiwa katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino vielee hewani. Kagua ngozi kila siku wakati wa kumwogesha. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake, yenye joto, ngumu au inayouma, na ikiwa rangi hiyo haibadiliki ukiibonyeza, sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka ipone. Usiikande. Wala usimwekee kata ya khanga chini ya makalio, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema, kwa sababu kata hukandamiza damu kwenye ukingo wake na kuongeza tatizo.

Mpira wa kulinda godoro ni wa lazima kwa asiyezuia haja, lakini katika joto la mji huu humfanya mgonjwa aoge jasho. Tandika kipande cha kutosha chini ya kiuno tu, na juu yake shuka la pamba lililokunjwa mara mbili, ambalo linabadilishwa peke yake bila kutandua kitanda kizima. Mfuko wa mkojo uning'inizwe chini ya kiwango cha kiuno bila kugusa sakafu. Wakati wa kula aketi wima, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Aliyepata kiharusi asilishwe kabisa akiwa amelala, kwani chakula huingia kwenye njia ya hewa.

Kisha angalia macho yake yanatua wapi. Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: waliotazama miti dirishani walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa chache kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa 46 ni wachache, na sitadai kwamba mwembe wa jirani utaponya mtu. Kugeuza kitanda, hata hivyo, hakumgharimu mtu chochote, na mgonjwa anayeona mlango na kipande cha mbingu huacha kuita kila dakika kuuliza nani ameingia.

Hatua ya tano: maji, mikono na mbu

Weka kituo cha kunawa mlangoni mwa chumba, si uwani: ndoo yenye bomba, sabuni, na besheni la kupokea maji. Kila anayeingia anawe kwa sabuni kwa takribani sekunde 20, daktari wa familia na shangazi aliyetoka Mbagala kwa pamoja. Kwa kuwa maji ya bomba hukatika, hesabu akiba ya siku mbili; mgonjwa wa kitandani anayehitaji kuogeshwa na kufuliwa mashuka humaliza madumu mengi kuliko familia inavyotarajia. Mahali palipomwagikiwa na damu au choo pafutwe kwa klorini: kwa dawa ya maji yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo sita vya maji, mwaga, acha dakika 10, kisha futa ukiwa umevaa glavu. Usichanganye dawa hiyo na sabuni yenye asidi wala amonia, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Chandarua chenye dawa kitundikwe hata mchana. Mbu anayeeneza dengue, ugonjwa uliolipuka jijini mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana, na huzaliana katika maji safi yaliyotuama, yakiwamo ya akiba uliyoijaza kwa ajili ya mgonjwa huyohuyo. Madumu na mapipa yafunikwe. Chandarua cha pembe nne hupitisha hewa vizuri kuliko cha duara, ambacho humgusa mgonjwa usoni.

Hatua ya sita: njia ya chooni

Tembea njia hiyo usiku, taa zimezimwa, ukihesabu hatua na vizingiti. Ondoa mikeka na mazulia madogo, nyaya za luninga, ndoo na viatu. Weka taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, kwa sababu umeme hukatika wakati usioufaa. Kwa aliyepasuliwa nyonga au goti, choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa. Kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati na fundi, chenye ndoo chini yake, kinatosha na kinaweza kukaa kando ya kitanda. Viti vyepesi vya plastiki huteleza na kuvunjika, visitumike. Mpe kengele, au kijiko na kikombe cha bati, upande wa mkono wenye nguvu.

Hatua ya saba: kelele, usiku na wageni

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ndani ya wodi usiku isizidi wastani wa desibeli 30, kiwango cha mnong'ono. Mji wetu haujui mnong'ono. Unachoweza kudhibiti, kidhibiti: luninga izimwe saa 3 usiku, simu ziwekwe kwenye mtetemo, dawa za usiku zipangwe pamoja na kugeuzwa ili asiamshwe mara nne kwa kazi nne. Kwa kigodoro (ngoma ya usiku kucha) cha jirani, nenda mwenyewe mchana, kabla spika hazijafika, ukaeleze kuna mgonjwa. Ombi la mchana husikilizwa, ugomvi wa usiku hausikilizwi. Ikishindikana, kuna mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa.

Mchana fungua mapazia, usiku weka giza, na tundika saa kubwa na kalenda mbele ya mzee. Mpe miwani yake. Mzee anayelala katika chumba chenye giza muda wote hupoteza hesabu ya siku, na kuweweseka kwake usiku huchukuliwa kuwa ni majini. Akichanganyikiwa ghafla, hasa pamoja na homa au kupumua kwa shida, arudishwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Wageni ni dawa, na dawa ina dozi. Kuwakatalia watu kuja kumjulia hali mgonjwa kutawafanya wakuone una kiburi, na mgonjwa mwenyewe atahuzunika. Weka saa maalumu, kwa mfano saa 10 hadi saa 12 jioni, viti viwili tu chumbani, wengine wasubiri barazani, na asiwepo wa kuketi kitandani. Mwenye mafua asalimie kutoka mlangoni. Mteue mtu mmoja, ikiwezekana mama mkubwa ambaye hakuna anayembishia, awe ndiye wa kusema "mgonjwa sasa apumzike".

Hatua ya nane: kukipunguza chumba

Kila wiki toa kitu kimoja ambacho hahitaji tena. Anza na mpira wa godoro akishaweza kuzuia haja, kisha kiti cha choo, halafu meza ya kulia kitandani, ili ale mkekani na wenzake. Vitu hivi vikibaki, humwalika aendelee kulala, na misuli ya mtu anayelala hupungua haraka kuliko inavyorudi. Kiti chake kihamishiwe barazani, kwanza kwa dakika 10 za asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha alasiri, watu wanapopita kutoka kazini. Siku atakapoanza kulalamika kwamba kahawa ya barazani imepoa, kunja chandarua, anika godoro juani, na umrudishie mwenye chumba chumba chake.